Kichwa cha Treni cha Marehemu

Haya yalimpata fundi wa vyerehani tuliyepakana naye ukuta kwa ukuta, mtu wa watu, na aibu yake ilimkondesha kuliko hofu.

Fundi na rafiki yake mwashi, mtu wa vidole vinene, walikuwa na ugonjwa mmoja: treni ndogo za umeme. Wazee wazima, wajukuu wanawacheka, na kila mmoja ana meza iliyozungushiwa reli sebuleni. Kichwa cha treni walikuwa na namna yao ya kukichagua. Hawakukikimbiza, maana mbio hata kibovu kinaziweza. Walikiwasha mwendo wa konokono, wakafumba macho na kusikiliza. Kizuri huondoka bila kushtuka, na hupita kwenye maungio ya reli bila kusita.

Mwashi alipofariki, mjane wake alimwita Fundi asubuhi moja.

"Shemeji, vimebaki vichwa viwili na vinafanana. Kimoja ni chako, ukumbusho wa rafiki yako. Lakini mimi nichagulie kile kinachotembea laini. Marehemu alikuwa anakiwasha mchana nikijilaza, nami nasinzia. Tangu tumzike sijapata usingizi."

Fundi akavijaribu. Cha kwanza kilishtuka, kikagugumia, kikakwama konani. Cha pili, wacha bwana! Kiliteleza kama siagi kwenye kikaango cha moto, kikivuma kwa upole. Tamaa ikamwingia, ulimi ukamtangulia.

"Chukua hiki cha kwanza, shemeji. Kikizoea kitalainika."

"Wewe ndiye unayejua," mjane akasema, akampa mkono wa shukrani.

Njiani alijiambia kwamba yule mama hatajua tofauti. Hata hivyo alipita uchochoroni, asionane na watu.

Nyumbani alikiweka kile cha pili relini. Kabla hajachomeka waya ukutani, kikaondoka.

Polepole. Bila sauti. Kikazunguka meza, kikafika mbele ya kiti chake, kikasimama.

Akahamia kiti cha pili. Kikamfuata. Akaenda dirishani. Kikaja upande wa dirisha, kikatulia. Kilichomtisha ni ule upole wake, upole wa mtu anayesubiri useme mwenyewe.

"Nisamehe," akanong'ona.

Hakikusogea.

Mkewe akachungulia. "Unaongea na nani, baba watoto?"

"Siongei na mtu."

"Mbona jasho linakutoka?"

Fundi alikinyanyua kichwa kile na kukikuta na uvuguvugu, kama kimetoka kiganjani mwa mtu. Akakitia mfukoni mwa koti, akatoka jua likiwa bado kali, amedhamiria kumwambia mjane kweli yote.

Mjane alimpokea kwa uso mkunjufu, alama za mto bado zipo shavuni.

"Shemeji, Mungu akubariki! Nimelala kama mtoto. Mwanzo kiligugumia, nikasema moyoni, shemeji yangu hawezi kunidanganya. Nikafumba macho. Kikalainika."

Mezani, kile kibovu kilikuwa kinateleza. Fundi akafumba macho, akasikiliza. Mvumo ule aliujua. Ulikuwa wa kichwa kilichokuwa mfukoni mwake.

Akafungua mdomo aseme.

"Kaa unywe chai," mjane akasema. "Tangu msiba upite, ni wewe tu unayenikumbuka."

Fundi akaufunga mdomo. Akanywa chai huku akitamani ardhi ipasuke immeze. Alipoondoka, mjane alimsindikiza mpaka barabarani akimsifu mbele ya majirani. Aliinamisha uso, nao wakadhani ni unyenyekevu.

Kurudi nyumbani, kichwa kikagoma. Akachomeka waya, wapi. Akakisukuma kwa kidole, magurudumu yakazunguka bure tu. Akachukua bisibisi na kukifungua. Skrubu zilikuwa zimeshika kutu, za kulazimisha, hazijaguswa kwa miaka. Akainua kifuniko.

Mahali pa mota palikuwa patupu.

"Kimeharibika?" mkewe akauliza kwa sauti ya chini.

Fundi alitikisa kichwa, akalia mbele yake, mtu mzima, asiweze kumwambia kwa nini.

Ndani mle palikuwa na mafuta mabichi ya mashine, na juu yake alama ya kidole gumba. Fundi akaweka chake juu ya ile alama. Ilikuwa pana kuliko kidole chake, ikabaki nafasi pande zote.

Mpaka leo hajamwambia mjane. Na mpaka leo mafuta yale hayajakauka.