Mikono ya Daktari Mbaluka

Jua lilikuwa linazama Mbaluka alipotoka Thika kwa baiskeli, kwenda Mugutha kumuaga nyanya yake. Kesho yake angepanda gari la moshi hadi Mombasa, kisha meli hadi Uskoti, akajifunze upasuaji. Mtoto wa vibarua wa kahawa, kupewa nafasi ile! Hospitalini alikuwa akimshikia taa daktari Mzungu, na huyo ndiye aliyepasua. Sasa kisu kingekuwa chake, na hakuna kitu alichokuwa amekitamani zaidi tangu asome udaktari Makerere.

Susu Syokau, maana Wakamba humwita nyanya susu, aliishi kwenye laini za nyumba za wafanyakazi wa shamba la kahawa. Mkristo wa kubatizwa kabisa, lakini mambo ya wazee hakuyatupa. Alimwombea mjukuu wake kwa jina la Yesu, halafu akamfungua viganja na kuvitemea mate ya baraka. Akamwonya asinawe mpaka kupambazuke. Mate hayo, alisema, ni kufuli. Mkono usiofungwa huingiwa na yeyote anayeutaka.

Mbaluka alicheka moyoni, si alikuwa msomi? Hata hivyo aliitikia. Nani humbishia nyanya siku ya kuagana?

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, Waingereza wakipigana na Mau Mau, na giza likiingia mtu hatembei. Yeye alikuwa na pasi ya kutembea usiku, lakini risasi haijui kusoma. Akakanyaga baiskeli kwa nguvu katikati ya mibuni.

Ndipo mtu akasimama njiani.

Mwanamume mrefu, koti refu, kofia imefunika macho. Hakusalimu. Alinong'ona tu.

"Daktari, mke wangu amekwama na mtoto. Atakufa."

Mbaluka hakujiuliza yule amejuaje kuwa yeye ni daktari. Alichukua mkoba wake, akamfuata hadi kwenye nyumba ya udongo, ndani kabisa ya shamba. Mlangoni alikutana na harufu ya udongo mbichi, ule wa shimo lililochimbwa leo. Koroboi ilikuwa ikiwaka. Kitandani, mwanamke aliyejifunika gubigubi alikuwa anaugua.

Mmm... mmm...

Kando yake, beseni la maji na kipande cha sabuni. Vilikuwa vimeshaandaliwa.

Hapo Mbaluka akasita. Alikumbuka onyo la susu. Lakini jamani, amguse mzazi kwa mikono yenye mate? Walimu wake walimfundisha kunawa kabla ya kumfundisha kushika mkasi. Aliogopa kumuua mama wa watu kwa uchafu, akaogopa kweli. Akakunja mikono ya shati, akanawa hadi viwikoni.

Mwanamke akanyamaza.

"Amenawa," mwanamume akanong'ona. Hakuwa akisema na Mbaluka.

"Amenawa," mwanamke akajibu.

Mbaluka alipeleka mikono chini ya blanketi, akitafuta tumbo. Baridi... Hakukuwa na mtoto. Hakukuwa na tumbo. Kulikuwa na mikono miwili ya mtu mzima. Ikaishika yake, ikaibana.

Halafu ikaingia.

Iliingia kidole kwa kidole, kama mtu anayevaa glavu.

Alipiga kelele, koroboi ikazimika. Alipopata fahamu alikuwa juu ya baiskeli, taa za Thika ziko mbele yake, na hakumbuki alivyotoka. Usiku kucha alijitazama vidole. Angemwambia nani? Daktari anayeona mizimu hapelekwi Uskoti. Asubuhi akapanda gari la moshi.

Kule Uskoti walimsifu mno. Kulikuwa na madaktari wa kutoka Bara Hindi, Misri na kwingineko, wote wakigombea jicho la profesa. Lakini mtoto akikwama tumboni, aliyeitwa ni Mbaluka. Hatetemeki, walisema. Hawakujua kwamba yeye husimama pale akitazama tu, kama mgeni, huku vidole vikienda mahali ambapo hajafundishwa. Siku moja aliviamuru viache. Havikuacha. Mama yule alipona, na Mbaluka akaenda kutapika.

Alirudi akiwa mpasuaji kamili, watu wakimpigia vigelegele hadi mlangoni pa nyanya yake. Susu Syokau alikuwa ameshapofuka. Alinyoosha mkono amsalimu mjukuu wake, akaupapasa ule wa Mbaluka, kidole kimoja baada ya kingine. Tabasamu likamfutika usoni.

Alingoja mpaka wengine walipotoka nje.

"Huu ni mkono wa Ndunge, mkunga," akasema polepole. "Ndio ulionizalisha baba yako. Yeye na mumewe tuliwazika huko kwenye mibuni kabla wewe hujazaliwa. Ndunge alikufa akilia kwamba kazi yake haina wa kuirithi. Niachilie, mwanangu."

Mbaluka alitaka kumwachilia. Alitaka kwa roho yake yote.

Vidole vikazidi kukaza.