Ukuta wa Matofali ya Matundu

Siku ya kusajili wanafunzi wapya, ukumbi wa chuo haukuwa na pa kutia mguu. Katikati ya vurugu hiyo mchoraji alikuwa amechuchumaa, gauni lake la bluu limeingia vumbi, akichora kwenye daftari ukuta wa upande wa uani, wa matofali ya matundu, kila tofali duara ndani ya mraba. Chuo kilitaka nembo mpya, na kamati ilikuwa imeshamkatalia michoro kumi na mmoja.

"Dada, utakanyagwa." Alikuwa fundi wa majengo ya chuo, ovaroli ya kijivu, ngazi begani. "Halafu hilo duara umelibana. Langu ni pana."

"Lako?"

"Nusu ya matofali haya nimeyafyatua mimi."

"Basi nishikie futi, mwenye ukuta, badala ya kunisimanga."

Akashika. Kuanzia hapo ikawa simu kila jioni.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula maneno ya kamati."

"Pole. Basi umelala njaa."

Hatimaye ukuta ule ukapita kuwa nembo. Ukachapwa kwenye mabango, vikombe, hata mlango wa choo. Wiki iliyofuata fundi akapewa barua: ukuta ubomolewe, pawekwe vioo. Uamuzi ulikuwa wa miezi mitatu nyuma, kabla ya ile siku ya kusajili.

Akampigia mchoraji. "Ulijua."

"Nilijua nini?"

"Kumbe ulikuja kupima maiti!" Akakata simu.

Siku tisa hakupokea. Mchoraji alipiga hadi akachoka, kisha akaenda kumwona mwenyekiti wa kamati.

"Usijali, mama," mwenyekiti alimwambia akitabasamu. "Ukuta tunao tayari, kwenye barua zetu zote."

Alitoka pale, akamkuta fundi uani. Wenzake walitaka kutumia nyundo kubwa. Yeye alikuwa anang'oa tofali mojamoja kwa patasi, macho mekundu kwa vumbi. Mchoraji akaketi kando yake, akaanza kufuta matofali kwa brashi.

"Habari ya kubomoa nimeisikia kwako," alisema. "Leo nimewarudishia kazi yao ya mabango. Wamtafute mwingine."

Fundi aliweka tofali jingine mbele yake. "Nilikutukana."

"Sana. Ila sina hata nguvu ya kukununia."

"Nami nimechoka, mpenzi. Nikirudi chumbani hakuna wa kumwambia kwamba nimechoka." Akapangusa patasi kwenye ovaroli. "Maneno matamu leo sina. Nikuoe?"

Mchoraji akacheka, kicheko cha kwanza baada ya siku tisa. "Unaniposa na patasi mkononi?"

"Niiweke chini?"

"Iweke. Na Jumamosi uje kwa mjomba wangu. Uvae shati la maana, yule mzee hana masihara."

Akaiweka. Akamfuta vumbi shavuni kwa kidole, akalizidisha. Kisha, kwa kuwa yalibaki matofali mia mbili na jua lilikuwa linashuka, akaiokota tena, na mchoraji akasogea karibu kuyapokea.