Majina Mawili ya Michée

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, Jemima alimwosha mdogo wake Michée, akamvika viatu na kumpeleka kwa jirani. Mama yao aliondoka mapema kuuza samaki wa Tchomia sokoni. Hata Michée alipougua, Jemima, mwenye miaka kumi na mitatu, ndiye aliyempeleka kutibiwa.

Siku moja mtoto aliamka na homa, kifua kikimbana. Walikwenda kwenye kituo cha afya cha mtaa wao, Shari. Muuguzi, Mama Angélique, aliandika jina lake kwenye kompyuta.

"Sasa mashini yetu imeungana na ya kituo cha kambi ya wakimbizi," alisema. "Mutoto akitunzwa kule, siye tunaona hapa. Lakini kwa Michée sioni kitu. Alishatunzwa fasi ingine?"

Jemima alikumbuka vizuri. Miezi minne iliyopita, alisikia kwamba kituo cha kambi kinawapa vyandarua watoto waliokimbia vita Djugu. Akampeleka Michée, aliyekuwa na kidonda mguuni, akasema anaitwa Olivier na wametoka Djugu, ili asijulikane kuwa ni mtoto wa Shari. Baada ya sindano, uso wa mtoto ulivimba. Wauguzi walimtibu, wakamwonya Jemima kwamba asipewe tena dawa ile. Kufikia jioni uvimbe ulikuwa umekwisha, naye hakumwambia mama. Angeulizwa alikwenda kutafuta nini kule.

"Hapana, Mama," alijibu. "Hapa tu."

Alijiambia kwamba dawa ya kifua haiwezi kuwa sawa na dawa ya kidonda.

Ilikuwa ileile. Muda mfupi baada ya sindano, midomo ya Michée ilivimba. Akawa anavuta pumzi kwa shida, akimnyooshea dada yake mikono.

"Kule anaitwa Olivier!" Jemima alipiga kelele. "Nilimuandikisha Olivier! Ile dawa ilimuvimbisha!"

Mama Angélique hakupoteza muda kumgombeza. Alimchoma Michée dawa nyingine, akamwekea oksijeni, kisha akampeleka hospitali. Mtoto alilazwa siku tatu.

Alipopona, muuguzi alimwita Jemima na mama yake mbele ya kompyuta. Jina la Olivier lilikuwepo, na chini yake onyo kwa herufi kubwa. Muuguzi akaunganisha kumbukumbu zote mbili zikawa za mtoto mmoja.

"Ungeniambia tu, Jemima," mama alisema kwa sauti ya chini. "Ungeniambia siku ileile."

Jemima alilia bila kujitetea.

"Mashini inaunganisha tu kile watu wanaiambia," Mama Angélique alisema. "Weye ulituletea watoto wawili, nayo ikaandika watoto wawili. Onyo ilikuwa hapa, mbele ya macho yangu, lakini ilikuwa ya mutu mwingine. Mbele ya muganga sema kweli yote, hata ile inaleta haya. Haya inapita. Mutoto akienda, harudi."

Njiani, Jemima alinyoosha mkono amshike mdogo wake. Michée akazunguka upande wa pili, akashika kitenge cha mama.

"Sitaki kwenda na yaya," alisema, kama alivyozoea kumwita dada yake.

Jemima aliurudisha mkono wake, akatembea nyuma yao.

"Atakuamini tena," mama alimwambia bila kugeuka. "Lakini weye ndiye utangoja, si yeye."