Sanduku la Baridi la Cheche

Mtaani walimwita Cheche, maana alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma na mikono yake haikukosa alama za moto. Mkewe alikuwa fundi cherehani. Alikuwa pia na kisukari, na kila siku alijidunga insulini. Dawa hiyo huhifadhiwa kwenye baridi, lakini umeme wao ulikatika ukitaka na kurudi ukitaka.

Cheche hakukubali kushindwa. Alitengeneza sanduku la baridi la umeme wa jua. Majirani wakamsifu, naye kichwa kikavimba. Kisha akauchomelea mlango wa nyuma wa sanduku, penye mitambo, usifunguke tena. Hakutaka mtu amwibie ujuzi.

Lakini afya ya mkewe ilizidi kuzorota. Kiu haikuisha, macho yakafifia, hata kutunga uzi kwenye sindano kukamshinda. Zahanatini walimuuliza kama anaruka dozi. Haruki hata moja, alisema. Cheche alikuwa na hofu kubwa, ila alijikaza kiume.

Jirani yao, mwanamke mhandisi, alifanya kazi kwenye karakana mpya ya majaribio ya halmashauri. Alimshauri apeleke sanduku likapimwe. Cheche akakataa katakata.

"Mkilifungua, kesho kila fundi analo. Mimi nitakula wapi?"

"Shemeji, utaratibu umebadilika," mhandisi alisema. "Unasajili ubunifu wako, sheria inakulinda. Kupima ni bure. Na likifaulu, halmashauri imeahidi kununua masanduku ya zahanati zote."

"Wanajihangaisha hivyo kwa faida gani?"

"Zamani fundi alijilipia majaribio, wengi wakaishia njiani. Wengine walificha kazi zao, na makosa yao yakajificha humo humo. Kila mtu alianza upya peke yake. Tungefika lini?"

Mkewe aliinua uso kutoka kwenye cherehani. "Lipeleke, baba. Asiyetaka kupimwa ana lake jambo."

Karakanani waliweka kipimajoto ndani ya sanduku, kikakaa humo mchana na usiku kucha. Asubuhi mhandisi hakuwa na utani.

"Mchana baridi ni nzuri," alisema. "Usiku hewa ya nje ikipoa, betri bado inaendesha mitambo, sanduku linagandisha. Insulini ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka na kuonekana nzima."

Ndipo Cheche alipoelewa. Muda wote ule mkewe alijidunga dawa iliyokufa, na sanduku lilikuwa lake yeye. Akamwomba mhandisi awaarifu zahanati wampe mkewe dawa mpya. Kisha akachukua msumeno wa chuma, akaukata ule mlango mwenyewe.

Fundi friji mmoja, aliyekuja kupimisha kazi yake, alichungulia ndani. Alisema sanduku halina kidhibiti cha baridi, naye anajua kukifunga. Walikifunga pamoja, wakibishana na kutaniana. Sanduku likapimwa tena, likafaulu, na Cheche akausajili ubunifu wake.

Halmashauri ilitimiza ahadi. Cheche akapata oda za zahanati, akamwajiri yule fundi friji. Mafundi wengine walikuja kuuliza, wakatumia ubunifu wake kwa makubaliano, na mmoja wao akapata njia ya kulifanya sanduku jepesi zaidi.

Sukari ya mkewe ilishuka, macho yakapata nafuu. Siku moja Cheche alimkuta akitunga uzi bila kusaidiwa. Alisimama mlangoni, machozi yakimlengalenga.

"Nilikuwa nalinda siri," alisema.

"Najua," mkewe akamjibu. "Siku ulipoukata ule mlango ndipo uliponilinda mimi."