Majani ya Tulia

Kila asubuhi kabla ya shule, Tumpe alichukua mundu akaenda kukata majani kando ya mfereji. Ilikuwa mwezi wa sita na majani yalikuwa yameadimika, maana kila mwenye ng'ombe pale Chimala aliyagombea hayo hayo. Akirudi, aliwagawia Tulia, ng'ombe wao wa maziwa, na mtamba mwekundu ambaye alikuwa hajazaa bado. Walikuwa na ng'ombe mwingine pia. Huyo alikufa kwa njaa kiangazi kilichopita. Alilala mlangoni pa banda, hakuinuka tena. Tumpe hakupenda kuyakumbuka macho yake.

Maziwa ya Tulia yalikuwa ya Samwel, mdogo wake Tumpe, ambaye kila akipimwa zahanati uzito wake ulikuwa pale pale. Baba yao alishafariki. Mama yao, Esnath, aliapa kwamba mwaka huu majani ya mpunga hayatapotea. Yatafungwa marobota, ili ng'ombe wapate kula mpaka mvua zirudi.

Jumamosi ya kuvuna kwa kombaini, ile mashine ya kukata na kupura mpunga, mama alimbeba Samwel mgongoni kwenda zahanati.

"Kombaini ikifika kwetu, mwambie dereva Lusekelo azuie vile visu vya nyuma vinavyokatakata majani," alisema. "Mdomo wa mashine aushushe chini, aende polepole. Majani yatoke marefu, yalale mstari. Yakisagwa hayafungiki. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Na kweli alisikia. Shida haikuwa masikio. Mashine ilikuwa ihamie kijiji kingine kesho yake, na wakulima waliobaki walisimama kwenye tuta, wamechoka kusubiri zamu zao. Dereva Lusekelo aliinama kutoka kwenye kiti chake. "Haya, Tumpe, mama amesemaje?"

"Asikucheleweshe huyo," jirani mmoja alidakia. "Pita haraka, na sisi tuna mpunga."

Anjela, aliyesoma naye darasa moja, akacheka. "Mwenzetu anataka nyasi ndefu za kusukia nywele."

Watu wakaangua kicheko. Tumpe akahisi uso unawaka moto. "Pita tu kama kwa wengine," akasema.

Kombaini ikaingia. Nyuma yake majani yaliruka vipande vipande, upepo ukayatawanya. Tumpe alitazama hadi jaruba la kwanza kati ya mawili yao likaisha, asifungue mdomo. Aibu ya kuchekwa, jamani, humfanya mtu mjinga kabisa.

Mama alirudi mashine ikigeuka kuelekea jaruba la pili. Aliokota vile vipande, akaviachia vidondoke.

"Hukumwambia?"

"Nilimwambia. Akakataa."

Mama akaenda kusimama mbele ya mashine, Samwel mgongoni, akalalamika kwa uchungu. Verediana, mwenye kombaini, alikuwepo, naye hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Lusekelo, zima. Shuka."

"Bosi, sikuambiwa kitu."

"Wiki jana pia ulisema hukuambiwa. Acha ufunguo hapo, uende nyumbani."

Lusekelo akaacha ufunguo juu ya kiti, akachukua koti lake. Alimtazama Tumpe mara moja tu, na macho yake yalikuwa kama ya yule ng'ombe aliyelala mlangoni.

"Anasema kweli," Tumpe akasema. Akasogea mbele ya Verediana, akarudia. "Anasema kweli. Mimi ndiye niliyemwambia apite tu. Nimedanganya."

Safari hii hakuna aliyecheka. Verediana alimrudishia Lusekelo ufunguo, akamwomba radhi mbele ya watu wote. Mama naye akamwomba. Lusekelo alichukua spana, akazuia visu vya nyuma, akashusha mdomo wa mashine, akavuna jaruba la pili kwa mwendo wa kinyonga. Majani yakalala marefu, yamenyooka. Kesho yake yalifungwa marobota, yakajaza nusu ya banda.

Nusu ya banda ni chakula cha ng'ombe mmoja. Jioni mama akasema mtamba auzwe mnadani. Mtamba yule alikuwa wa Tumpe. Alikuwa akitunzwa ili akizaa, maziwa yake yaje kumlipia ada ya sekondari.

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe, mwanangu. Ungeniambia uliona aibu, ningekugombeza, yakaisha. Majani yataota tena mwakani. Lakini ulimtwika mwenzako kosa lako, na mimi nikaenda kumfokea mtu asiye na hatia. Watoto wake wangekula nini? Ukikosea, sema umekosea hapo hapo, kabla mwingine hajaumia kwa sababu yako."

Siku ya mnada, Samwel alikunywa maziwa yake kama kawaida. Tumpe alimfunga mtamba kamba kwa mikono yake mwenyewe, akamwongoza kuelekea barabarani. Nyuma yao, bandani, Tulia alianza kulia. Mtamba akasimama, akageuza kichwa. Tumpe naye akasimama, akamsubiri, kisha akaivuta kamba.