Kishikwambi Kisichoonekana

Kila jioni Mlingoti alirudi kwenye nyumba tupu. Wenzake walimwita hivyo kwa urefu wake. Mama yake alikuwa muuguzi nchi ya mbali, na shangazi aliyemlea alichelewa kutoka kazini. Mlingoti alikula peke yake, akaosha sahani moja.

Vishikwambi vya shule vilipogawiwa, fundi wa kompyuta alisimama mbele ya darasa. “Washeni, chagueni lugha, kisha pigeni picha msimbo huu ubaoni. Msiruke hatua hiyo. Hapo kifaa kinasajiliwa, nami nitawatumia masomo na kurekebisha hitilafu nikiwa ofisini kwangu.”

Jirani wa Mlingoti wa dawati akamnong’oneza, “Ukishasajili, kupiga simu ndiyo basi. Kila kitu anakifunga yeye.”

Mlingoti alimfikiria mama. Akairuka hatua ile.

Wiki tatu alizungumza na mama kwenye kishikwambi kile. Mama akiwa zamu, alimtumia jumbe za sauti, hata zikafika kumi na moja. Likizo ilipoanza, wenzake walipokea masomo na kujibizana kwenye vishikwambi vyao mchana kutwa. Kwake hakikuja kitu. Shangazi akimuuliza, alijibu, “Nimeshamaliza.” Upweke wake sasa ulikuwa na uongo ndani yake, ukamuuma zaidi.

Siku ya tano ya likizo alikwenda mwenyewe kwa fundi.

“Kuna kishikwambi kimoja nisichokiona kwenye orodha yangu,” fundi alisema. “Nilidhani kimeharibika.”

“Ni changu. Jirani yangu wa dawati alisema nikisajili sitaweza kupiga simu. Niliiruka hatua ile makusudi, ili niongee na mama.”

Fundi alikigeuzageuza. “Mwanangu, kukisajili sasa lazima kifutwe chote. Siku ile kilikuwa kitupu, kisingepoteza chochote. Picha nitakunakilia, lakini sauti zimo ndani ya programu, hazitoki.”

Mlingoti aliketi kwenye kiti cha wageni akazisikiliza zote kumi na moja, huku akilia. Kisha akabonyeza mwenyewe pa kufutia.

Baada ya kukisajili, fundi akauliza, “Namba ya mama ni ipi?” Akaiandika kwenye orodha ya namba zinazoruhusiwa, chini ya nyingine nne. “Wanafunzi hawa nao wazazi wao wako mbali. Walikuja, wakaomba. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, mwanangu. Wewe ulimwamini jirani, ukajificha, na kujificha kumekutenga na watu wote. Haya, mpigie. Na umwambie kweli yote.”

Simu iliita mara mbili.

“Mama,” alisema, “sauti zako nimezifuta. Ngoja nikueleze kwa nini.”