Kadi ya Kliniki Yenye Jina la Marehemu Baba

Baba yangu alifariki mwaka 2016. Nilikuwepo akizikwa.

Sasa niambieni ndugu zangu... mtoto aliyezaliwa 2022 anakuwaje wake?

Kadi ya kliniki niliikuta kwenye koti la mume wangu Boniphace, nyumbani kwetu Mwisenge, Musoma. Mtoto: Clever. Mama: Anastazia, wa Mugeta. Baba: Magesa Wambura.

Baba yangu mzazi!

Mimi ni mtu wa maabara. Maiti haizai. Aliyeandikisha jina hilo alikuwa hai na alikuwa anaficha lake.

Na Boniphace alikuwaga na safari ya Bunda, wilaya yenye hiyo Mugeta, kila baada ya wiki mbili. Anaangalia ng'ombe, eti.

"Wanaendeleaje?" nilimuuliza.

"Nani?"

"Ng'ombe, Boni."

"Aah... wanakua."

Sikulia. Nilirudisha kadi mfukoni, nikampigia baba mdogo Yakobo, mdogo wa marehemu, kule Butiama. Nilitaka shahidi wa ukoo.

"Kuna mtu anatumia jina la baba huko Mugeta. Jumamosi saa nne uje huko, nyumbani kwa Anastazia."

"Nakuja, mwanangu. Usimwambie mtu."

Jumamosi nilimtangulia Mugeta. Nikamkuta Boniphace uani, mtoto begani! Msichana, Anastazia mwenyewe, amekaa kibarazani anachambua pamba.

"Prudence?!" Boni akashtuka.

"Huyu mtoto ni wa nani?"

Msichana akajibu bila kutetemeka:

"Wa mzee Magesa, dada."

"Mzee Magesa amekufa! Huyu unayelala naye ni mume wangu!"

"Aliyenioa mimi yuko ndani."

Mlango ukafunguka...

Akatoka mama yangu!

"Nimemuoa mimi," mama akasema. "Kwa ng'ombe wa mahari yako. Nyumba ntobhu, mwanamke kuoa mwanamke amzalie mtoto wa nyumba yake, umesahau? Nilizaa mabinti tu. Yakobo akaanza kupima shamba la baba yako, eti nyumba haina mtoto wa kiume. Sasa inaye. Kimila Clever ni mtoto wa baba yako, mdogo wako."

"Na aliyempa mimba?"

"Kijana wa Nyasura. Kwa mila huyo hatajwi."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Nilipogusia mwaka ule ulinijibuje?"

Nilikumbuka. Nilimwambia akioa mwanamke mwenzake, sikanyagi tena kwake.

"Mkwe wangu huyu ndiye aliyenitunzia siri, na ndiye anayempeleka mtoto kliniki," akaendelea. "Hati ya shamba inatoka wiki ijayo, ina jina la Clever. Yakobo akijua kabla, anaweka pingamizi, tumekwisha."



"Mama... nimemwita."

"Nani?"

Pikipiki ikanguruma njiani. Mama akarudi ndani, akafunga mlango.

"Haya!" baba mdogo akaingia na fimbo yake. "Nani anayechezea jina la kaka yangu?"

Boniphace akapiga magoti, mtoto bado yuko begani.

"Ni mimi, baba. Mtoto ni wangu. Niliandikisha jina la marehemu ili mke wangu asijue."

Uongo! Tena ule ule niliokuwa nimeutunga mimi kichwani, neno kwa neno!

Baba mdogo akanigeukia.

"Prudence, ndivyo ilivyo?"

Nikamzaba Boniphace kofi. Nikapiga yowe kama mke aliyesalitiwa.

Mzee akaguna, akatikisa kichwa.

"Kumbe ni mambo yenu ya chumbani! Mmenipotezea mafuta bure."

Akaondoka.

Hati imetoka juzi, ndiyo maana naandika leo. Nyie mnaomwita mume wangu mzinzi huko Butiama na Musoma, alikubali jina hilo kwa ajili ya shamba la baba yangu. Hajawahi kulikana hata mara moja.

Kadi ilikuwa ya kweli, tarehe za kweli, safari za kweli. Kitu kimoja sikukifanya: kumwekea mume wangu kadi mezani na kumuuliza. Wenye ndoa, ulizeni kwanza. Mashahidi watafuata.

Jana nilimgusa shavu.

"Ulijua nitakupiga?"

"Nilijua," akasema. "Lile kofi ulitoka nalo Mwisenge."